Joho la Radi Bubu

Jumapili hiyo fundi alikuwa kwa mdogo wake wa kike, tonge la kwanza halijafika tumboni, shemeji yake alipoanza kulichambua joho la shujaa wa tamthilia mpya ya runinga.

"Lile ni joho au pazia la bafuni?" shemeji aliiuliza simu yake, ameishika mbele ya uso kama mtu anayejinyoa. "Radi Bubu wa kitabuni akigeuka, mji mzima unatetemeka. Huyu wa kwenye runinga akigeuka, joho linamfuata kesho yake! Aliyelishona atafute kazi nyingine. Tena bubu gani huyu anayepiga domo kuanzia sehemu ya kwanza?"

Fundi aliendelea kutafuna. Joho lile alilishona yeye, siku kumi na moja mfululizo, mpaka vidole vikaota sugu. Wenye tamthilia walimsainisha karatasi kwamba hatamwambia mtu mpaka msimu uishe, na yeye hakumwambia hata mdogo wake.

"Msamehe, dada," mdogo wake alisema. "Ndiyo kazi yake siku hizi."

Kazi yake hasa ilikuwa kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba. Lakini kwenye simu aliitwa Hakimu, kiongozi wa Walinzi wa Kitabu, kundi la watu elfu kumi na nne waliokasirika kwa zamu. Alijua nyota wa tamthilia ile analalia ubavu gani na kagombana na nani. Ukimwuliza mwanawe yuko darasa la ngapi, alimtazama mkewe. Fundi alimdharau kimyakimya, kwa adabu zote, kama mtu anavyomdharau shemeji.

Wiki ile ile Hakimu akaja kwenye karakana yake mbio mbio. Yule nyota angekuja mjini kusalimia mashabiki, na Hakimu alitaka kusimama mbele yake na joho la kweli, ili aone aibu.

"Nishonee kama la kitabuni, shemeji. Jekundu lililoiva."

Fundi akakichukua kitabu, akakifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kilikuwa cha michoro ya wino mweusi, mwanzo mpaka mwisho.

"Wekundu uko wapi humu?"

"Unajulikana."

"Na nani?"

"Na mashabiki wa kweli," Hakimu alijibu, bila haya hata chembe.

Hapo ndipo fundi alipokata shauri. Kabatini mwake lilikuwapo joho la kwanza la tamthilia, lile lililoonekana kwenye sehemu mbili za mwanzo. Nyota aliliunguza kwa sigara kwenye pindo. Wenyewe wakaagiza jingine na kumwachia hili. Alikuwa amelitia kiraka, basi. Akalipiga pasi, akakaa nalo siku nne ili ionekane anashona, kisha akamkabidhi.

Hakimu alilivaa mbele ya kioo, akageuka mara moja, akageuka mara ya pili. Machozi yakamlengalenga.

"Sasa hili ndilo joho! Tazama linavyoanguka! Wale wahuni wangekuja kwako, shemeji, tusingeaibika."

Fundi akainama kumnyooshea pindo.

Video aliyoirekodi Hakimu siku hiyo ilisambaa kama moto wa nyasi. Asubuhi ya pili fundi aliifungua ili acheke tu. Akayakuta maoni. "Huyu fundi ana mikono ya dhahabu." "Mshono kama huu runinga haitaujua kamwe." Alisoma yote, akarudia, mteja aliyeleta suruali ya kupunguza amesimama mlangoni akikohoa kwa mara ya tatu.

Siku ya siku, Jumamosi, ukumbi ulifurika. Nyota alikuwa mfupi kuliko walivyodhani, anatafuna ubani, miwani ya jua ndani ya nyumba, na nyuma yake mtu mzima aliyeajiriwa kumshikia chupa ya maji. Watu walilia. Baba mmoja mwenye kitambi aliomba asainiwe bandeji ya mkono. Fundi, aliyeketi kando na mdogo wake, aliwatazama wote kama mtu anayetazama maziwa yakichacha.

Zamu ya Hakimu ikafika. Kabla hajafungua mdomo kutoa hotuba yake, nyota alilishika pindo la joho, akalipindua, akaangua kicheko kwenye kipaza sauti.

"Hili langu! Kiraka hiki hapa, nililiunguza mwenyewe. Na fundi wake yule pale! Mama, hujambo?"

Ukumbi uligeuka kumtazama fundi, kisha ukamgeukia Hakimu. Mtu mmoja akapaza sauti: "Kanunuliwa na runinga!" Wengine wakadakia. Hakimu alitoka amelikunja joho kwapani, na kabla hawajafika nyumbani alikuwa ameondolewa kwenye kundi alilolianzisha yeye.

Jumanne alikuja karakana na sare yake ya mita za maji, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Ulinifanyia makusudi, shemeji."

"Ndiyo. Uliniambia nitafute kazi nyingine."

"Lakini lilikuwa zuri. Nilipolivaa nililiona zuri kweli."

"Na kwenye runinga?"

"Kwenye runinga nilikuwa nimeshachukia kabla sijawasha."

Fundi alikuwa amejiandaa kumcheka mpaka aombe radhi. Kicheko hakikuja. Alikumbuka ile mikono ya dhahabu, na mteja wa suruali mlangoni.

"Maoni yao niliyasoma yote," alisema, macho kwenye sindano. "Mara mbili."

"Yale ya mwanzo?"

"Yale ya kunisifu. Wapumbavu wale wale."

Hakimu akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi, akaomba ruhusa arekodi pale pale karakana. Alieleza kila kitu: joho ni lile lile, yeye ndiye aliyekosea, na fundi ni dada ya mkewe. Hakutukana mtu.

Watu arobaini na mmoja ndio walioitazama. Fundi alikuwa mmoja wao, akaitazama mpaka mwisho, na akampigia Hakimu simu kumwambia amemrekodi upande mbaya wa uso.