Siku ya Kuosha Vyungu

Zulma alikuwa na mataji mawili. La kwanza alilitwaa Jiji la Mexico, katika shindano la warembo waliozaliwa wavulana kama yeye, na zawadi yake ndiyo iliyofungua klabu yake ya La Guacamaya hapa mjini kwao. La pili alivishwa jana tu, hapahapa Juchitán, kusini mwa Mexico: malkia wa sherehe ya muxe, ndivyo watu wa kwao wanavyowaita yeye na wenzake. Utasema, anataka nini tena? Alitaka mama yake acheze naye.

Kwao ngoma ya son ikipigwa, wanaume hukaa na bia zao, wanawake wakicheza wao kwa wao, mama na binti, mtu na wifi yake. Mama yake, Bi Eufrosina, alikwisha kucheza na kila mwanamke wa sokoni, hata wale asiosalimiana nao. Zulma aliachiwa mikoba ailinde. Na ni mama huyohuyo aliyemshonea gauni la shindano, akamtetea kwa baba yake mpaka mzee akanywea. Ndiyo maana ilimuuma.

Kesho ya sherehe huwa siku ya kuosha vyungu, maana yake watu hunywa tena mchana kutwa na hakuna anayegusa chungu. Mwaka huu walioshea La Guacamaya. Bendi ilipoanza son, Bi Eufrosina akainuka, akamnyooshea Zulma mkoba. Zulma hakuupokea.

"Leo sishiki, mama. Kwani unanionea haya?"

Bi Eufrosina akaubwaga mkoba mezani.

"Haya ya nini, we mtoto?"

"Hujawahi kucheza na mimi."

"Kwa sababu hujui kucheza!" Mama alikuwa amekasirika kweli. "Unachekacheka, unatikisa mabega, unapungia watu mkono! Son inachezwa hivyo? Niende na wewe pale kati, watu waseme Eufrosina kashindwa kulea?"

Shangazi Delfa alicheka mpaka bia ikampalia. Zulma akayatazama mabega yake. Miaka yote ile ya kulia chooni, kumbe tatizo ni mabega!

"Si ungenifundisha?"

"Uliniomba lini? Mtu ana taji, nimfundishe nini? Haya, simama."

Wakaingia kati.

"Mgongo wima. Shika sketi. Macho chini. Na usitabasamu, shindano limekwisha."

Zulma, aliyepita mbele ya majaji bila kutetemeka, sasa alipoteza hatua kama mlevi. Tabasamu likamponyoka, na machozi nayo yakaja.

"Kulia je, ruhusa?"

"Lia, ila usipinde mgongo."

Akakosea tena. Bi Eufrosina akageuka, akawainulia mkono wapiga tarumbeta, na sauti yake ya sokoni ikajaa ukumbi mzima:

"Hebu simamisheni! Anzeni upya, tena polepole. Hamwoni namfundisha binti yangu?"