Mume Anagombea Ukamanda

Bakary alipotangaza kwamba anagombea ukamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mkewe Mwanahija alikuwa anakuna nazi. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia. Alipojiinua na kujikung'uta khanga, ndipo alipoona kwamba mwenzake hacheki.

"Unasema kweli, Baba Rehani?"

"Kweli tupu," Bakary akajibu, kifua mbele. "Wezi wamezidi hapa Miteja. Korosho zinaokotwa na watu ambao hata shamba hawana. Na kamanda wa zamani ndiye huyo kahamia Songo Songo kwa mwanawe. Kijiji kinataka mtu."

Mwanahija akameza kicheko chake. Mume akipanda cheo, mke habaki chini, na tayari alishajiona ameketi mkeka wa mbele kwenye harusi, watu wakisema, mpisheni mke wa kamanda. Halafu Bakary alipendwa. Hakuwa na ugomvi na mtu, neno "hapana" halikumtoka kinywani, na kwenye misiba yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushika jembe. Basi Mwanahija akaazimia kumpigia kampeni. Tatizo likawa moja tu: hakujua kamanda anafanya kazi gani.

Akauliza majirani. Jafari, fundi baiskeli, akamwambia kazi ya kamanda ni kupuliza filimbi. Bibi mmoja akasema kamanda anapewa buti. Mwingine akaapa kwamba kamanda kazi yake kula mbuzi wa faini, na akamtakia Bakary meno mazuri. Mwanahija akaona hapa hakuna mwalimu. Akajifunga khanga vizuri, akaenda ofisini kwa Mtendaji wa kijiji, binti mmoja kutoka Songea aliyeitwa Salome.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu anagombea, nami nimekuja kujua anagombea nini."

Salome akacheka, akamvutia kiti. "Kamanda anapanga zamu za doria, na anahakikisha watu wanazifuata. Akimkamata mtu hampigi wala hamhukumu. Anamleta hapa, sisi tunamfikisha polisi. Na akiwa kazini hana ndugu, mama. Hata mpwa wake akikutwa na mali ya watu, anamkamata."

"Na akiharibu, nani anamwambia?"

"Nyinyi wenyewe. Mkutano wa kijiji unamweka, mkutano wa kijiji unamwondoa."

"Doria zenyewe ni saa ngapi?"

"Nyingine mchana mashambani. Lakini nyingi usiku, watu wakiwa wamelala."

Mwanahija akashukuru, akaondoka. Alikwenda mbio, akarudi taratibu. Mwaka uliopita upepo wa usiku uliezua paa la jiko lao, majirani wakaja na mayowe na taa, Bakary akaamka asubuhi akauliza paa liko wapi. Huyo ndiye wa kulinda kijiji? Na mwizi akimwambia, kaka, nifungue kamba kidogo nijisaidie, Bakary angemfungua na kumchotea maji kabisa.

Jioni, walipokuwa wanakula, akamjaribu.

"Baba Rehani, tuseme umemkuta mpwa wako Issa na gunia la korosho za watu. Utafanyaje?"

Bakary akatafuna, akafikiri. "Nitamuuliza kama amekula."

Mwanahija akanawa mikono. Hamu ya chakula ilikuwa imekwisha.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mgombea wa pili alikuwa Saida. Saida aliyeuza samaki wa kukaanga pale barabarani, mjane mwenye usingizi wa sungura, anayemtambua kila mtu wa Miteja kwa mlio wa kandambili zake. Saida huyo huyo ambaye kwenye maulidi fulani, mbele ya wanawake wote, aliionja pilau ya Mwanahija akauliza, "Huu uji mmeutia nyama ya nini?" Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana kisimani, kila mmoja aliongea na ndoo yake.

Mwanahija akaomba dua atokee mgombea wa tatu. Hakutokea.

Siku ya mkutano alijipa moyo kwamba kura ni siri. Ataandika jina, atakunja karatasi, Mungu ndiye shahidi. Mwenyekiti wa kijiji akasimama mbele ya ghala la korosho, akakohoa, akatangaza, "Karatasi hatuna. Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka!"

Mwanahija akarudi nyuma, akajificha katikati ya wanawake.

Bakary alikuwa amesimama ubavuni mwa ghala, penye kivuli. Saida alikuwa juani, kijasho kinamtiririka. Na jua la siku ile lilikuwa kali kweli kweli. Watu wakaanza kusogea kwa Bakary mmoja mmoja, wakijipepea, wengine wakikaa kabisa na kuegemea ukuta. Mwanahija akatazama, uvumilivu ukamshinda. Akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, leo tunachagua kamanda au tunachagua kivuli?"

Mkutano ukaangua kicheko. Mwenyekiti akaona aibu, akawahamisha wagombea wote wawili katikati ya uwanja, juani. Bakary akamtazama mkewe kwa furaha, akidhani amemsafishia mstari. Akasogea kidogo, akamwonyesha kwa mkono nafasi ya mbele kabisa.

Mwanahija akatembea. Akamfikia mumewe, akampita, akaenda kusimama nyuma ya Saida.

Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakashika vichwa. Saida akageuka taratibu.

"Umepotea njia?"

"Kura nimekupa," Mwanahija akasema. "Salamu sijakupa."

Basi watu wakaanza kunong'onezana: mke akikimbia mstari wa mumewe, kuna analolijua. Mmoja akahama, wakahama wengine. Nyuma ya Bakary wakabaki ndugu zake, na wa mbele kabisa alikuwa Issa, akishangilia kwa nguvu zote. Saida akashinda.

Bakary hakurudi nyumbani kula. Alikula kwa dada yake Kidawa, jioni ile na kesho yake. Mwanahija hakujuta kura, lakini ile sura ya mumewe pale uwanjani, mkono ukiwa bado unaonyesha nafasi, haikumtoka machoni. Siku ya tatu akamfuata huko huko.

"Nisamehe kwa aibu niliyokutia," akamwambia. "Kwa kura siwezi kuomba radhi."

"Ungeniambia ndani, Mama Rehani."

"Ningekuambia ungejitoa?"

Bakary hakuwa mtu wa kusema uongo. "Nisingejitoa," akakiri. "Nilizitaka zile buti."

Wakatazamana, na Mwanahija akauma mdomo asicheke. Wakarudi nyumbani pamoja, hawasemi sana, lakini njia ikiwa moja.

Hawajakaa sawa, Saida akabisha hodi. Akasimama mlangoni na fimbo yake mpya.

"Bakary, wewe nakutaka. Tukimkamata mtu, familia yake inatupokea kwa mapanga. Wewe hakuna anayekuchukia. Utakuwa unatangulia kuzungumza nao."

Bakary akakubali kabla Saida hajamaliza.

"Na mkeo ana zamu ya alasiri. Leo. Mashamba ya korosho."

"Mimi?" Mwanahija akaruka.

"Wewe uliyekwenda hadi kwa Mtendaji kuuliza kazi ya kamanda. Mimi mwenyewe sikwenda."

Bakary akaingia jikoni bila kuombwa, akajaza chai kwenye chupa, akamletea mkewe.

Wanawake wale wawili wakashika njia ya mashambani, mmoja huku, mmoja kule. Walipofika mkorosho wa kwanza, Saida akasimama, akavuta hewa.

"Chai hiyo ina tangawizi?"

Mwanahija akafungua chupa, akammiminia kikombe mpaka juu.

"Onja," akasema. "Na leo utakachosema, kiseme tukiwa wawili."