Jua la Kiritiri Lililohamia Kibirichia

Jumanne moja ya mwezi wa saba, wakati Kibirichia nzima imevaa sweta mbili mbili, Gladwell alianika mablanketi matatu kwenye kamba ya nyuma ya nyumba na yakakauka kabla maji ya chai hayajachemka. Aliyakunja, akayaingiza ndani, akamwambia mumewe Mutembei kwamba leo jua limewajia wao peke yao. Mutembei alitoka na kikombe mkononi kwenda kuangalia. Ukungu ulikuwa umefunika viazi vya majirani pande zote, lakini ulipofika kwenye ua wake ulisimama, kama ng'ombe aliyekuta lango limefungwa. Ndani ya ua, kwenye ile ekari moja na nusu, jua lilikuwa la kuchoma na udongo ulikuwa umeanza kupasuka.

"Hili si jua la huku," Mutembei alisema. "Hili ni la Kiritiri." Alilitambua kwa sababu enzi za ujana wake aliwahi kukaa wiki nzima kule Kiritiri, Mbeere, kwa Njoka, mwanajeshi mwenzake. Mkewe akamwambia basi anywe chai ndani, asije akaungua kichwa.

Kufikia Ijumaa majani ya viazi yalikuwa yamekauka kabisa. Mwezi ulipokwisha, udongo mweusi ulikuwa umegeuka mwekundu wenye changarawe, mchwa walikuwa wamejenga kichuguu karibu na choo, na miti miwili ya miiba ilikuwa imeota kwenye kabichi za Gladwell. Majirani hawakuuliza maswali mengi. Waliomba tu nafasi ya kuanika maharagwe, na akina mama wa kanisa wakaleta na mahindi yao yaliyokuwa yameanza kuota ukungu ghalani. Mutembei hakuwa mtu wa kumnyima jirani jua. Afisa wa kilimo naye alipita na pikipiki yake, akaupekechapekecha ule udongo kwa vidole, akashauri wapande ndengu, zao la nchi kavu.

Jumapili moja baada ya ibada simu ililia. Alikuwa Njoka, na alikohoa kwanza kabla ya kusalimia. Alieleza kwamba tangu Jumanne ile boma lake limeingiwa na ukungu. Nje ya ua watu wanatafuta kivuli, ndani ya ua umande haukauki hata saa sita mchana. Mbuzi watatu wamekufa kwa baridi, na yeye mwenyewe kifua kimemkamata.

"Afande, hii baridi ni yako," alisema. "Mimi naijua."

"Na hili jua ni lako," Mutembei akamjibu.

Hapo kila mmoja akakumbuka siku yao ya mwisho jeshini.

Siku hiyo, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, wanajeshi waliokuwa wakistaafu walipangwa foleni kabla jua halijachomoza ili waandikwe na kuachiliwa waende makwao. Njoka alikuwa amefua jaketi lake la sare jioni ili alirudishe likiwa safi, na halikuwa limekauka. Mtu wa Kiritiri ndani ya jaketi bichi, alfajiri, kwenye upepo: meno yaligongana hadi walio mbele wakageuka. Mutembei, aliyezaliwa kwenye baridi na kulelewa nayo, alimvua rafiki yake lile jaketi akalivaa yeye, akampa lake kavu. Jeshini jina la mtu liko kifuani na halina haja ya kuulizwa. Karani alisoma kifua cha Njoka akaandika Mutembei, kisha akamuuliza nyumbani ni wapi na jamaa wa karibu ni nani, na Njoka akajibu kwa ukweli kwamba nyumbani ni Kiritiri na mkewe ni Susan. Akamuuliza Mutembei maswali yayo hayo, naye akajibu kwa ukweli vilevile, Kibirichia na Gladwell, chini ya jina la Njoka. Kisha wote wawili wakabonyeza vidole kwenye wino, kila mmoja kwenye kadi ya mwenzake.

Kosa hilo lilikaa ndani ya sanduku miaka yote hiyo bila kumdhuru mtu. Pensheni ilifika, makadi ya Krismasi ya chama cha wastaafu yalipotea njiani kama makadi yote yanavyopotea, na hakuna aliyelalamika. Lakini mwaka huu mafaili ya zamani yaliingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta haina mchezo. Ilipoambiwa kwamba nyumbani kwa Mutembei ni Kiritiri, ilikubali.

Walikutana mjini Embu, kwenye ofisi ya kumbukumbu za wastaafu, ghorofa ya pili juu ya duka la mbolea. Njoka alifika akiwa amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyokuwa na umande. Mutembei alikuwa na shati la mikono mifupi na shingo iliyobabuka. Karani wao, msichana mpole aitwaye Wanjugu, aliwapa viti, akasikiliza habari ya jaketi mwanzo hadi mwisho bila kuwakatiza, kisha akawageuzia kioo cha kompyuta wajionee wenyewe.

"Wazee wangu, nawaamini," alisema. "Hata mkinyamaza mnaonekana tu. Lakini mimi siwezi kubadilisha kitu hapa. Sistimu inataka vidole vyenu nyinyi wawili, kwa pamoja, hapa hapa."

Aliongeza kwamba mambo haya si mageni. Kuna mzee wa Muthara ambaye rekodi yake ilisema kimakosa amestaafu akiwa kipofu, na siku hizi mkewe ndiye humsomea Biblia. Yeye, Wanjugu alisema, hakukata tamaa, bado huja kila mwezi akishikwa mkono.

Mutembei aliweka vidole kwenye mashine. Vilikuwa vimepasuka kwa ukavu, na mashine ikasema haioni kitu. Njoka akaweka vyake. Vilikuwa vimekunjamana kwa unyevu kama vya mtu aliyeshinda akifua nguo, na mashine ikasema mtu huyo hayupo. Wanjugu aliuchukua mkono wa Njoka katikati ya mikono yake akausugua mpaka saa ya chakula cha mchana, na alipomaliza mashine ikasema vilevile. Aliwashauri warudi vidole vikipona. Mutembei alimweleza kwa upole kwamba vidole haviwezi kupona mpaka hali ya hewa irudi kwa wenyewe, na hali ya hewa haiwezi kurudi mpaka vidole vikubali. Wanjugu alisema analiona hilo. Aliandika barua kwa wakubwa wake siku hiyo hiyo, nao wakajibu haraka kuliko ilivyotarajiwa: wazee hao waje na vidole.

Walirudi mara mbili zaidi, na ilikuwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Mara ya tatu Njoka alipanda ngazi za ile ghorofa akipumzika kila baada ya hatua chache, na watu waliokuwa wakinunua mbolea walimtazama wakadhani ni mlevi. Mara ya nne hakuweza kuja.

Basi Mutembei akaenda kwake. Kiritiri ilikuwa inaungua, wachuuzi wa makaa wamelala chini ya magunia yao, lakini alipofika langoni kwa Njoka alilazimika kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Ilikuwa harufu ya nyumbani kabisa, ya nyasi mbichi na moshi usiopanda, na Mutembei aliona aibu kwamba moyo wake umefurahi. Susan, mke wa Njoka, alikuwa amekaa mlangoni akipepea jiko. Alisema hajawahi kufikiri kwamba siku moja atanunua makaa huku Mbeere kwa ajili ya kuota moto. Daktari wa zahanati alikuwa ameandika nimonia na kuuliza mzee ameipata wapi, na Susan alimwambia ameipatia kitandani.

Njoka alikuwa amelala chini ya kila kitu kilichoweza kumfunika mtu. Muchangi, mdogo wake, alikuwa amemwomba ahamie kwake, ng'ambo tu ya barabara, kwenye jua. Alikataa. Mwenye boma halali kwa mdogo wake kama mgeni, alisema, na mbuzi waliobaki watamuona mtu wa namna gani. Mutembei akamwambia kama si kwa Muchangi basi aje Kibirichia, kule jua ni lake mwenyewe, hatakuwa mgeni wa mtu. Hapo Njoka alifikiri.

"Nitakuja," alisema. "Wacha kwanza kifua kiachilie. Mgonjwa wa kubebwa ni mzigo kwa mama wa watu."

"Siku ile ningekuacha utetemeke tu," Mutembei alisema. Ilikuwa imemkaa rohoni tangu ile simu ya Jumapili.

Njoka alicheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi cha muda mrefu. Alipopata pumzi alisema, "Siku ile ningekufa, afande. Umeniongezea miaka."

Mutembei alikaa naye mpaka jioni akimshika miguu, ambayo haikupata joto. Hakuna kitu kinachomchosha mwanaume kama kumpenda mtu na kutokuwa na la kumfanyia. Kisha akarudi Kibirichia.

Njoka alikufa mwezi wa tisa, wiki ambayo Kiritiri yote ililalamika kuhusu joto. Taarifa ilipoingizwa kwenye kompyuta, simu ya Gladwell ilipokea ujumbe wa rambirambi kwa kumpoteza mume wake mpendwa, aliyelitumikia taifa kwa uaminifu. Mutembei alikuwa mbele yake akila githeri. Gladwell aliusoma mara mbili, akautuma kwa Susan, mwenyewe hasa.

Kesho yake Wanjugu naye alipiga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. Alitaka Mutembei asikie kutoka kwake: mwombaji mmoja akifariki, ombi la marekebisho hufungwa. Mutembei aliuliza kama linaweza kufunguliwa tena.

"Linaweza, mzee," Wanjugu alisema. "Mkija wote wawili."

Ni Susan aliyesema kwamba mumewe hatazikwa kwenye ile baridi. Alikuwa ameishi nayo miezi, ameona ilivyomfanya, na hakuwa tayari kumlaza ndani yake milele. Atapelekwa Kibirichia kwa Mutembei, kama alivyokuwa ameahidi kwenda. Muchangi alipinga. Mtu huzikwa kwao, alisema, na ukoo utauliza. Susan akamjibu aende kwanza akaone. Muchangi alisafiri siku nzima akiwa amenuna, akapita kwenye mashamba ya viazi na ukungu, akaingia kwenye lango la Mutembei, akasimama. Aliinama, akachukua udongo mkononi, akaunusa.

"Huu ni udongo wetu," alisema, na akauliza jembe liko wapi.

Kaburi lilikuwa gumu kuchimba, maana chini ya changarawe kulikuwa na mwamba. Vijana wa Kibirichia, ambao kwao jembe huzama lenyewe, walikiona cha mtema kuni. Siku ya mazishi majirani walisimama nje ya ua na makoti yao, na kila aliyeingia kutoa heshima alilivua langoni na kulitundika kwenye miiba. Mchungaji alifupisha mahubiri kwa sababu ya jua. Walipomshusha Njoka, Susan aliugusa ukingo wa kaburi kwa kiganja, kama anavyofanya mama akiangalia maji ya kumwogesha mtoto, akatikisa kichwa kukubali.

Jioni, watu walipokuwa wametawanyika, wale wajane, yaani mjane mmoja na yule ambaye kompyuta ilimwita mjane, walikaa jikoni wakiosha sufuria. Susan alimshukuru Gladwell kwa mahali. Gladwell alisema hakuna cha kushukuru, udongo ni wao. Susan akakausha mikono, akafikiri, kisha akasema jambo ambalo alionekana amesafiri nalo.

"Kwangu pia pana nafasi. Nyuma ya nyumba, pale ukungu unakaa vizuri. Siku ya mzee wako ikifika, mlete. Hapa hili jua litamsumbua."

Gladwell alimshika mkono akasema asante, dada.

Mutembei alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini, akauliza kama huko udongo ni mwepesi kuchimba. Susan akamwambia siku hizi ni mwepesi sana.