Uso wa Bibi Rosalia

Kwenye kompyuta Editha alikuwa moto wa kuotea mbali, na mwenyewe alilijua hilo. Shuleni kwao Chang'ombe, kidato cha tatu walifundishwa ubunifu wa picha na video. Siku mwalimu Adelard alipotoa zoezi la kusafisha sura ya mtu, wenzake walikimbilia wasanii. Yeye akabeba kamera ya shule, akampiga picha bibi yake, Rosalia, Mmakonde wa Newala mwenye chale usoni tangu usichana wake.

Akazifuta zote! Chale, makunyanzi, hata kovu la kidevuni. Bibi akatoka laini kama yai. Kisha, kwa haraka ya kukabidhi, akahifadhi kazi juu ya picha ileile ya mwanzo, jambo ambalo Adelard alilikataza mpaka mate yakamkauka. Nani amsikilize? Editha akaongoza darasa, akapigiwa makofi.

Mwezi uliofuata presha ikamchukua bibi. Alikuwa mtu wa kuzikimbia kamera, kwa hiyo picha ya mjukuu ndiyo pekee iliyokuwepo. Ikawekwa juu ya jeneza, watu wakasema kapendeza. Baada ya mazishi ikatundikwa sebuleni, mbele ya kiti cha babu Leonardi.

Msiba ulipoisha, babu akamwita.

"Mjukuu wangu, Rosalia umempeleka wapi?"

"Si huyo, babu?"

"Huyu simjui. Mie nilimpendea chale zake. Nirudishie mke wangu."

Jamani, mtoto alitoka mbio. Akakimbilia shule, akaitafuta picha ya mwanzo, wapi! Akasema atazichora upya. Chale za shavuni zilikuwa zinapanda au zinashuka? Na kwenye paji la uso je? Uso uliomlea tangu ananyweshwa uji, leo haukumbuki. Alilia pale darasani kilio ambacho hata makaburini hakukilia.

Akarudi nyumbani, akapiga magoti.

"Nisamehe, babu. Nielekeze wewe, mie nitachora."

Babu akafumba macho, akaweka kidole shavuni kwake. Akakisogeza juu kidogo, akakirudisha, akakiondoa. Machozi yakaanza kumtoka mzee wa watu.

"Tangu mtundike hiyo," akasema, "kila nikifumba macho namwona huyo tu."