Nitakupigia

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa kati ya fundi viatu na duka la dawa. Magitaa yalining'inizwa ukutani kwa shingo, kama sare za bweni siku ya kufua. Msichana ambaye shuleni walimwita Chiriku aliingia na shangazi yake. Baba ndiye aliyeagiza, kupitia kwa shangazi: binti amefaulu, achague gitaa. Kuja mwenyewe hakuweza, alikuwa kikaoni. Alikuwa kikaoni tangu Chiriku ana meno ya utoto.

"Umewahi kupiga?" muuzaji aliuliza.

"Kila siku. Hapokei."

"Nasemea gitaa, mwanangu."

"Aa. Hilo bado. Nataka nijifunze wimbo mmoja, baba ausikie wote."

Muuzaji alieleza kwamba anayeanza atafute nyuzi za nailoni, maana za chuma huchuna vidole, tena nyuzi zisikae mbali na shingo, asije akazikaba kama anamkaba mwizi.

Chiriku akajaribu jeusi linalong'aa. Alipolipiga, likaita, likaita, kisha sauti ya mwanamke ikasema anayempigia hapatikani kwa sasa. La pili lilikuwa linatumika. Kwenye kona palikuwa na la kahawia, lina ufa, sauti yake debe tupu. Alipolipiga, likapokelewa.

"Ndiyo, mwanangu," baba akasema kutoka tunduni. "Niko kikaoni. Nitakupigia."

Likakatika.

"Chukua lile jeusi," shangazi akasema. "Linapendeza hata pichani."

"Kwenye lile hapatikani, shangazi."

Shangazi akachungulia tundu la gitaa, akaguna. "Kaka yangu huyo. Toka utoto, ukimtuma chumvi, mnakula, mnaosha vyombo, ndipo anarudi."

Wakalifunga lile la kahawia.

Shuleni Chiriku alifanyia mazoezi kwenye chumba cha pasi, kwa sababu wenzake walilalamikia kelele. Si za baba. Baba walimzoea. Kila alipopiga, baba alisema yuko kikaoni, atampigia, na nyuzi zikanyamaza hadi vidole vipoe. Hivyo Chiriku aliujua sana mwanzo wa wimbo. Akaufanya wa haraka, lakini baba naye alikuwa mwepesi wa kukata.

Siku ya wazazi ikafika. Nje, wenzake walikaa nyasini na mama zao, wakilishwa kama wametoka kifungoni. Chiriku alikuwa kitandani, viatu amevipiga rangi vikang'aa. Gitaa likaita lenyewe.

Akajifuta mikono kwenye sketi, akagusa uzi.

"Haloo," baba akasema. "Hapo ni kwa fundi magari?"

"Hapana. Ni mimi."

"Mimi nani?"

Chiriku, ambaye mwalimu wa zamu alishamwadhibu mara nyingi kwa kusema kupita kiasi, alitazama viatu vyake.

"Umekosea namba, mzee."

"Samahani, binti."

Lakini hakukata. Pengine aliweka simu mfukoni. Fundi alipatikana huko huko, wakaanza kubishana habari za mlango wa gari usiofungika.

Chiriku akaliweka gitaa vizuri pajani. Akapiga wimbo wake kutoka mwanzo, bila haraka, akafika mahali ambapo hajawahi kufika, akapitiliza hadi mwisho. Upande wa pili, baba alikuwa akisema kwamba mlango ni kuusukuma tu, ila lazima mtu awe nje.