Laptopu ya Kurekodia Sauti ya Ozella

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari, wakubwa wa kaunti walifunga chumba cha dharura cha hospitali pekee ya Marlow, Mississippi. Walisema hakilipi. Jioni hiyohiyo Ozella Stokes alibanwa na kifua akikaanga kambare. Mumewe, Shemasi Lemuel, alimkimbiza hospitali, akamkuta mlinzi mlangoni anaelekeza watu mji wa mbali. Ozella alikata roho njiani.

Baada ya mazishi sauti yake ilibaki jikoni. Kanisani kwao shemasi huutaja mstari wa wimbo, waumini wakauitikia kwa kuuvuta taratibu. Basi Lemuel akitaja mstari huku anaosha sahani, mkewe huitikia kutoka karibu na jiko. Alizoea. Ila sauti ilikuwa inaisha kama kipande cha sabuni, na kufika Mei akaona airekodi kabla haijakwisha.

Akaifungia kwenye chupa ya kahawa, akaenda duka la kompyuta la Verlene, aliyeimba kwaya moja na Ozella.

"Umemleta, Shemasi?"

"Huyu hapa."

"Mwambie sahani yangu ya keki bado naidai."

Akampangia laptopu tatu. Ya kwanza ilikuwa na nguvu nyingi, na Lemuel akaipenda kwa ukubwa wake, kama anavyopenda malori. Walipofungua kizibo, feni yake ikavuma, Ozella akanyamaza. Maisha yake yote hakushindana na kelele, hata za mumewe. Ya pili ilikuwa nzito ya kusikia: mwitikio ulitoka kwenye spika Lemuel ameshafika mstari mwingine. Ya tatu ilikuwa nyembamba, kimya kabisa.

"Hii haina feni," alisema Verlene. "Ila usiipakie sauti nyingi, itakwama."

"Ni moja tu, dada."

Verlene akaanza kupangusa kioo cha laptopu, na hakikuwa na vumbi.

Nyumbani Lemuel alizima friji, akachomeka maikrofoni, akafungua chupa, akataja mstari. Ozella hakuuitikia. Kwa mara ya kwanza tangu afe alisema maneno yake mwenyewe, na mashine ikayashika yote. Kisha jikoni pakawa kimya, na mpaka leo ni kimya.

Lemuel aliipeleka laptopu kwenye kikao cha kaunti. Wakubwa wakavaa vipokea sauti kwa zamu. Mwenyekiti wao, Bwana Haskell, alimjua marehemu vizuri. Wakati wa kampeni alikula kambare wake na kuomba aongezwe. Alisikiliza hadi mwisho, macho kayafumba.

"Imetoka safi sana, Shemasi," alisema. "Laptopu gani hii? Binti yangu anatafuta ya kurekodia nyimbo zake."

Lemuel akamtajia. Haskell akashukuru, wakaendelea na hoja ya taa za uwanja wa gofu. Usidhani watu hawa hawasikii. Masikio wanayo, tena mazima.

Lemuel akachomoa vipokea sauti. Sauti ya Ozella ikajaa ukumbi mzima, taratibu, ikivutwa vilevile kama kanisani. Hakuna aliyeshtuka. Waliinua mikono kupiga kura, naye akiuliza:

"Nilifika mlangoni kwenu napumua. Mlitaka niende wapi?"