Kichwa cha Bwana Mlio

Mdogo wangu hubuni vichwa vya fimbo za gofu kwa masikio. Si utani. Akimaliza kukichonga kichwa, hugonga mpira mmoja, hufumba macho, husikiliza, kisha hutabasamu peke yake. Nimewahi kufikiri kwamba hata yeye, ukimgonga utosini, angetoa mlio mzuri, maana ndani hamna kitu. Mimi ndiye niliyembandika jina la Bwana Mlio. Baba alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo karakana nzima inamwita hivyo.

Karakana ni ya Baba. Tunatengeneza fimbo za kusukumia, zile za mwisho, za kuutia mpira shimoni. Asiyejua hudhani ni kipande cha chuma tu. Lakini mpira ukisukumwa haubingiriki papo hapo. Kwanza huteleza, na ukiteleza huenda unakotaka wenyewe. Mbunifu mwenye akili anahangaika kuufupisha mtelezo huo. Bwana Mlio anahangaika na rangi ya mpini.

Bega lilipoanza kumsumbua, Baba alisema atamwachia mmoja wetu meza yake ya kuchorea. Kila mmoja angetengeneza kichwa kimoja, bila alama yoyote ili asijue ni cha nani, naye angevijaribu mwenyewe kwenye nyasi. Meza ile niliitamani tangu nikiwa mfupi nisiyeweza kuifikia. Kushindanishwa na mtu kama yule niliona ni kuvunjiwa heshima.

Basi nikafanya kazi kama mtu mwenye akili zake. Tuna mkono wa chuma uliofungwa kwenye fremu, unaosukuma mpira vilevile kila mara. Nilitia doa jeusi kwenye mpira, nikaweka kamera: mpira ukiteleza, doa linabaki palepale, ukianza kubingirika, doa linazunguka. Uso wa kichwa changu niliuegemeza nyuma kidogo tu, digrii mbili, kiasi cha kuunyanyua mpira kutoka kwenye kishimo unachojilalia nyasini. Nikauchonga mifereji myembamba ili uushike mpira vizuri. Doa lilianza kuzunguka karibu papo hapo. Nilijipongeza mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuelewa.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa wapi? Uwanjani, mikono mfukoni, anapiga soga na wachezaji na kumkodolea macho Baba akifanya mazoezi. Aliporudi, akauegemeza uso wa kichwa chake nyuma digrii tano. Tano! Nilipokifunga kwenye mkono wa chuma, mpira uliruka kama chura.

"Lakini mlio wake je, dada?" akaniuliza.

"Mzuri sana. Kitundike mlangoni kiwe kengele."

Akacheka. Ndivyo alivyo, ukimtukana anacheka, na hilo nalo lilikuwa likinikera.

Asubuhi ya jaribio nilimvisha Baba shati kama kawaida, maana mkono wake wa kulia haupandi tena. Uwanjani akachukua fimbo yenye kichwa changu kwanza. Akajipanga, akasukuma. Mpira ukadunda, ukadunda tena, ukafia njiani. Akarudia. Ukafia palepale. Baba akaitazama mikono yake.

"Imekwisha hii," akasema taratibu. "Fimbo haina kosa. Ni mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo ndipo nilipoona kwamba anaposukuma, mikono yake inatangulia mbele ya kichwa cha fimbo, kukwepa maumivu ya bega. Mikono ikitangulia hivyo, uso unainamia mbele, zile digrii zangu mbili zinaliwa zote, na mpira unakandamizwa kwenye nyasi badala ya kunyanyuliwa. Mkono wa chuma hauumwi bega. Na mimi, ninayemvisha shati kila siku, sikuliwaza hilo hata kidogo.

Akachukua fimbo ya pili, yenye zile digrii tano. Mpira ukabingirika kwa utulivu mpaka shimoni. Akarudia, ukaingia. Baba akacheka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Na mlio wake, mmeusikia?" akasema, kisha akanigeukia mimi. "Nilijua tu, mwanangu. Meza ni yako."

"Hicho si changu, Baba. Ni cha huyu."

"Huyu? Bwana Mlio?" Akanipigapiga mgongoni kwa mkono wake mzima. "Una moyo mzuri, lakini usimbebe. Namjua mwanangu."

"Nasema kweli. Amekutazama mikono siku zote hizi, mimi sikuitazama. Nenda ukakipime, ni digrii tano."

"Haya, haya," akasema.

Sauti ile niliifahamu. Ni yangu. Ndiyo ninayomjibia mdogo wangu kila akifungua mdomo, na Baba aliichukua kwangu pamoja na lile jina. Nilimtazama mdogo wangu, nikamwomba kwa macho ajitetee, apige kelele, anitukane hata. Safari hii hakucheka.

"Acha, dada," akasema. "Mwache acheze."

Akainama, akautoa mpira shimoni, akaupangusa kwa pindo la shati lake, akauweka miguuni pa Baba. Baba akasukuma tena, na kile kichwa kikatoa mlio mzuri.